Stuli Mbele ya TV ya Mbao

Nyumba yetu ya Nyasho, hapa Musoma, ina vyumba vitatu na TV ishirini na moja. Sijakosea kuhesabu, mimi ndiye nazifutaga vumbi. Zote ni za kichogo, zile nzito ambazo watu wa mjini walianza kuzitupa tangu ving'amuzi vilipoingia, na wengine wakazigeuza mabanda ya sungura. Mume wangu Felisian Mugeta anazikusanya. Haziuzi, hazikodishi, hazipeleki popote. Anazifufua, anaziangalia zikiwaka, halafu anazifunika na vitambaa nilivyoshona mimi kwa ajili ya makochi.

Mimi naitwa Gaudensia, ila mtaani wananiita Mama Ursula. Nakaanga samaki sokoni Mwigobero, sangara na sato, na siku furu wakipatikana nakaanga furu. Niwaambie mapema kwamba mimi si mtu wa kuongea taratibu. Ukiniuliza habari za mume wangu naanza na hasira, ndipo mengine yanafuata.

Felisian alikuwaga fundi umeme kwenye kiwanda kimoja cha pamba kule Bunda. Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa kila mtu achague kitu kibovu aondoke nacho. Mmoja akachukua mabati, mwingine mlango wa chuma, mwingine baiskeli isiyo na tairi. Mume wangu akarudi na TV ya ofisini iliyokuwa imekufa miaka minne. Mimi nilikuwa nategemea angalau mabati, jiko langu lilikuwa linavuja. Akaifungua juu ya meza ya kulia, tukala chini siku tatu. Siku ya nne ikawaka, na Felisian, mtu ambaye hata harusini kwetu hakucheka, akacheka peke yake. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Nyingine ilitoka kisiwani Rukuba kwenye banda la video la wavuvi, imejaa kutu na magamba ya dagaa. Nyingine alipewa na masista. Tulienda kwetu Murangi kumzika shangazi yangu, mimi nikarudi na huzuni, yeye akarudi na TV ya marehemu. Jumuiya ikija kusali kwetu Jumamosi, akina mama wanakaa katikati ya vioo vyeusi vinavyowaangalia pande zote. Consolata, jirani yangu, alishasema mbele ya watu kwamba kwangu anasaligi haraka haraka ili atoke. Walicheka. Mimi nilicheka pia, halafu nilipofika jikoni nikamsema Felisian mpaka koo likakauka.

"Baba Ursula, hivi hizi TV zitatuzika?"

"Zikituzika zitakuwa zinawaka," akajibu, na bisbisi mdomoni.

Sasa kuna jambo la kazi hii ambalo lazima mlielewe. Fundi wa TV ya kichogo anafanyia kazi nyuma, mahali waya zilipo, lakini picha inatokea mbele. Akikaza kitu huku nyuma haoni kilichotokea kule. Kwa hiyo mafundi wanaweka kioo cha kujitazamia mbele ya TV, wanachungulia picha kwenye kioo. Felisian alitumia kioo cha dresing tebo yangu niliyokuja nayo siku ya ndoa. Tuligombana juu ya kioo kile miaka na miaka. Ursula alipoolewa Bunda nikampa dresing tebo nzima, kwa makusudi kabisa, ili nione baba yake atafanyaje.

Akatafuta kioo kidogo cha ukutani. Akakitumia miezi kadhaa, anakisogeza huku, anakisogeza kule, anafuta, analalamika kwamba ni kioo kibaya. Siku moja alasiri nimerudi kutoka Mwigobero, nanuka mafuta, akaniita.

"Mama Ursula, njoo ukae hapa mbele. Uniambie unaona nini."

Nikamwambia nina kazi. Akanivutia stuli na kuifuta vumbi kwa mkono wake. Haya bwana, nikakaa.

Nitasema ukweli hata kama unanitia aibu mtu mzima kama mimi: ile miaka miwili ya kukaa kwenye ile stuli ndiyo miaka mizuri ya ndoa yangu. Kila alasiri yeye nyuma, mimi mbele. "Unaona nini?" "Chenga tupu." "Na sasa?" "Kuna mtu, ila anapanda juu kama anavutwa na kamba." "Subiri. Na sasa?" "Ametulia. Ni mwanamke anasoma habari. Amenenepa kuliko kawaida." "Hiyo ni upana, ngoja nibane." Nilijifunza kusema mistari, kusema kivuli, kusema kijani imezidi. Akikosea tunacheka. Alianza kuniuliza pia habari za sokoni, nani kagombana na nani, na akawa anasikiliza kweli. Nilikuwa nimeshakata tamaa kwamba mwanaume huyu atakuja kuniongelesha. Nikawa nafunga biashara mapema. Nikawa najipaka mafuta kabla ya kukaa, jamani, kwa ajili ya mwanaume aliyejificha nyuma ya sanduku.

Nilidhani mume wangu amenipenda tena.

Mambo mengine niliyaona nikayapita. Alimimina chai nje ya kikombe, nikasema ni uzee. Alijikwaa kwenye beseni langu la samaki mara mbili, nikamgombeza kwamba hatazami anapokwenda. Consolata akalalamika kwamba mume wangu siku hizi anaringa, anapishana naye njiani bila salamu. Nikamtetea, nikasema ana mawazo ya TV. Macho yake yalikuwa safi, hayana wekundu, hayana utando, hayamuumi. Nani angefikiria?

Kisha ikaja habari ya TV ya mbao.

Mtu alimwambia kwamba Buswahili kuna mama mzee anaitwa Boke, ana TV ya zamani sana, yenye kabati la mbao na milango miwili midogo ya kufungia kioo. Felisian hakulala vizuri wiki nzima. Tukaenda. Tulimkuta Boke anapura mtama, na TV iko kwenye kona ya jiko, imetobolewa ubavuni, na ndani amelala kuku.

Boke alituambia mumewe alifanya kazi Kisumu, akaja nayo zamani hizo, wakati huku kwetu hakuna kituo chochote. Alisimika bomba refu la antena nyuma ya nyumba, akawasha kwa betri za gari, na siku hewa ikiwa nzuri picha za Kenya zilikuwa zinavuka ziwa zinamfikia. Watu walitoka mbali kuja kuona. Baada ya mumewe kufa hakuna aliyeigusa.

"Kitu cha marehemu siuzi," Boke akasema. "Nakupa bure. Ila sasa hivi kuku amelalia. Rudini akishatotoa."

Felisian akainamia ile TV, akaingiza mkono pembeni ya kuku polepole, akapapasa. Kuku hata hakumdonoa. Akaniambia tyubu, ile chupa kubwa ambayo uso wake ndio kioo cha picha, ni nzima, shingo yake nyembamba ya nyuma ni nzima, valvu zipo zote. Valvu ni taa ndogo za kioo zilizokuwa zinatumika kabla ya vitu vya siku hizi.

Wiki tatu baadaye tukarudi. Vifaranga walikuwa wanatembea uani. Boke akatuonyesha tupite zizini, ni njia fupi. Mimi nikapita. Nyuma yangu nikasikia kishindo. Mume wangu alikuwa amegonga mti wa lango la zizi, mti mnene kama paja la mtu, uliosimama wazi mchana kweupe. Damu inamtoka kwenye nyusi. Nikaanza kusema kama kawaida yangu. Boke akaninyamazisha. Akamshika Felisian kidevu, akamgeuza kwenye jua.

"Mwanangu, unaniona?"

"Nakuona, mama."

Akanyoosha mkono pembeni ya kichwa chake. "Na mkono wangu?"

Felisian akapepesa macho. Akasema, "Mkono gani?"

"Mpeleke hospitali," Boke akaniambia. "Mume wangu alianza hivi hivi."

TV ya mbao tulirudi nayo siku ile ile, imefungwa kwenye blanketi. Kesho yake tukaenda Bunda kwa daktari wa macho, Ursula akatupokea. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Alimpima muda mrefu, akamwangalia ndani ya macho na taa, akamwambia aseme kila anapoona alama inawaka. Nilikuwa nimekaa nyuma. Alama ziliwaka nyingi, na Felisian alisema chache sana.

Akatueleza kwamba ni presha ya macho. Jicho la kulia limeshaondoka. La kushoto limebaki na nafasi ndogo katikati, sawa na kuchungulia kwenye tundu la ufunguo, na hiyo nayo inafungwa. Dawa ya matone itachelewesha kidogo, na hata upasuaji haurudishi kilichopotea.

"Mngekuja miaka miwili iliyopita tungezungumza mengine," akasema.

Miaka miwili. Nikahesabu palepale kwenye benchi. Kioo cha ukutani, stuli, "njoo ukae hapa mbele." Mtu anayeona nusu anagundua haoni pale kazi inapomshinda. Mume wangu kazi haikumshinda, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa pale namwonea. Kama ningegoma kama nilivyozoea kugoma, angehangaika na kioo chake, angeona haoni, angekwenda hospitali. Nilikaa kwa sababu ilinipendeza. Hata mafuta nilijipaka.

Nyumbani nikamlipukia. "Ulijua!"

"Nilifikiri ni miwani tu."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa kioo. Ulinikalisha pale kama kioo cha dresing tebo."

Angesema hapana ningemwamini. Akaenda kukaa kitandani, akashika mikono yake. Nilikaa mwezi mzima bila kugusa ile stuli. Alasiri nilibaki Mwigobero hata samaki wakiwa wameisha, nafuta masufuria yaliyokwisha kufutwa. Na moyoni nilikuwa na kitu kibaya: nilikuwa na hasira na yeye, ilhali mwenye kosa ni mimi. Mpaka leo sijui niliomba msamaha au sikuomba.

Kilichonirudisha ni TV ya mbao. Nilimkuta siku moja ameifungua, ameondoa manyoya na maganda ya mayai yote kwa brashi ya kupakia rangi, anapapasa kila waya kwa vidole na kujitajia majina yake kwa sauti ndogo. Alikuwa amefanya hivyo mwezi mzima. Alitaka kuiona ikiwaka kabla tundu halijafunga. Hakuniambia, ila mtu uliyeishi naye miaka thelathini na mbili hahitaji kukuambia. Hakutaka kingine. Hakulalamika juu ya mwanga wa jua wala nyuso za wajukuu. Alitaka aone picha moja kwenye ile TV.

Nikavuta stuli nikakaa. Hakugeuka.

"Valvu ya mwisho inawaka?" akauliza.

"Zote zinawaka. Nyekundu kidogo."

"Na mbele?"

"Giza."

Tukaendelea hivyo miezi miwili. Dawa ya macho namtilia mimi, asubuhi na jioni. King'amuzi alikiunganisha kwenye deki ya zamani ya kanda, na deki kwenye TV, maana TV ya umri ule haijui lugha nyingine zaidi ya waya wa antena. Mwezi wa pili ulipoisha, kioo kikaanza kutoa mwanga, mwembamba, mstari mmoja wa kulala katikati. Nikapiga kelele. Akatoka nyuma mbio, akagonga meza, akaja akapiga magoti, akaweka lile jicho lake la kushoto karibu kabisa na kioo, anautafuta mstari kwa kuzungusha kichwa. Akaupata. Akaufuata na kidole kutoka upande mmoja mpaka mwingine.

"Imebaki kidogo," akasema. "Kesho picha inafunguka."

Kesho yake alisema kuna kofia ya waya mwishoni mwa shingo ya tyubu, haishiki vizuri, lazima aitoe aisafishe airudishe. Ameshafanya kazi hiyo mara mia. Kofia ina alama ndogo, unaangalia alama, unalinganisha, unasukuma. Alama ile yeye hakuiona. Aliipapasa, akadhani ameipata. Mimi nilikuwa mbele, nimekaa kwenye stuli, natazama kioo cheusi kama mjinga, wakati nyuma ndiko nilikohitajika. Hakuniita. Na mimi sikuuliza.

Nikasikia kitu kinakatika, kidogo tu, na halafu pumzi. Ssss. Ndefu, nyembamba, kisha kimya.

Nikaenda nyuma. Alikuwa ameshika shingo ya tyubu kwa mikono miwili, hasogei.

Miaka yote hiyo alishanifundisha. Tyubu ndani haina hewa. Hewa ikiingia imekufa, na tyubu ya aina ile huwezi kuipata Musoma wala Mwanza wala Nairobi. Na kuna alama ya kujua: ndani ya shingo kuna doa linalong'aa rangi ya fedha. Hewa ikiingia, doa linageuka jeupe.

"Mama Ursula," akasema taratibu. "Angalia shingoni. Lile doa ni la fedha au limekuwa jeupe?"

Nikaangalia. Lilikuwa linageuka mbele ya macho yangu. Pembeni limeshakuwa jeupe, katikati bado linang'aa, halafu hata katikati kukaisha. Jeupe kama maziwa.

Mimi sijawahi kumdanganya Felisian. Nimemtukana, nimemnunia, nimempa dresing tebo mtu mwingine ili kumkomoa, ila kwenye ile stuli nilikuwa nasema ninachokiona.

"La fedha," nikasema.

"Hakika?"

"Linang'aa, Baba Ursula. Kofia tu ndiyo imepasuka."

Akashusha pumzi. "Sawa. Basi tutaendelea."

Na tumeendelea. Mwezi wa tatu sasa tangu siku ile. Kila alasiri anakaza, analegeza, anapapasa, ananiuliza. Mimi namwambia giza, na hilo angalau si uongo. Jicho la kushoto lilifunga wiki mbili zilizopita. Alikuwa anakunywa uji, akasema, "Mama Ursula, taa imekatika?" Ilikuwa saa nne asubuhi, mlango umeachwa wazi. Nikamwambia ndiyo, umeme umekatika. Akanyoosha mkono kwenye mlango, jua likampiga kiganjani, akaurudisha mkono polepole na kumalizia uji wake. Sikuweza kula siku ile.

Juzi akasema hawezi tena kuchomea waya mwenyewe, nikamwite Yusto. Yusto ni fundi wa simu na redio karibu na stendi, kijana wa heshima. Nikaogopa. Yusto akifungua ile TV ataona doa mara moja. Nikamsubiri getini kabla hajaingia.

"Yusto, humo ndani utaona kitu. Ukikiona, meza."

"Kitu gani, mama?"

"Utakiona tu. Mzee hajui, na asijue."

Akaitikia, akaingia. Mimi nikaenda jikoni kuchemsha chai. Nilipokuwa narudi na birika, mlango wa sebuleni ulikuwa umeegeshwa. Nikamsikia Felisian anaongea, kwa sauti ile anayotumia kanisani.

"Usihangaike kuichunguza, Yusto. Imekufa. Nimeisikia ikivuta hewa mkononi mwangu."

"Sasa mzee, umeniita nifanye nini?"

"Chomea waya wowote. Gusa gusa tu, moshi utoke. Mama Ursula hajui, na asijue. Akijua imekufa hatakaa tena pale mbele, na mimi sina kitu kingine nilichobaki nacho."

Nadhani Yusto alikuwa anatafuta maneno, maskini, ameagizwa na watu wawili jambo moja.

Birika lilikuwa linanichoma mkono. Nikaliweka chini, nikasimama uani nikajifuta uso kwa khanga mpaka ukakauka kabisa, ndipo nikakumbuka kwamba hata nikiingia nalia hawezi kuniona.